Mwisho wa "Funga Mlango Taratibu"

Jumamosi, 2 Machi

Mimi ndiye mpiga tarumbeta hodari kuliko wote waliowahi kupewa mapafu, walio hai na waliozikwa, na ushahidi ninao kwenye kaseti. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili atakayeokota kitabu hiki asisome mpaka katikati ndipo ajue anamsoma nani.

Kitabu chenyewe kinatoka kwa Fundi, bosi wangu. Yeye alipewa na mwuza betri, kwa hiyo kila mwezi unaanza na picha ya betri. Aliniambia, "Chukua. Yote unayotaka kuniambia kutwa nzima, andika humo, masikio yangu yapumzike." Wivu tu. Tunatengeneza redio, deki za kaseti, feni, na chochote chenye waya, ndani ya chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Shule niliachia kidato cha pili. Mimi na hesabu tuliachana kwa amani, hakuna aliyelia.

Sasa ushahidi. Jana mchana mvua ya kwanza ilianza kupiga bati, wateja hakuna, Fundi kaenda kula. Nikatoa tarumbeta ya Babu, niliyoileta dukani kwa siri ndani ya mfuko wa unga, nikajirekodi. Kaseti niliitoa kwenye katoni iliyo chini ya kitanda cha Babu nyumbani. Ya kijani, haina maandishi, meno yote mawili yamevunjwa. Kwa asiyejua: mgongoni mwa kaseti kuna vijimeno viwili vya plastiki. Ukivivunja, deki inakataa kurekodi juu yake. Ukitaka ikubali tena, unaziba tundu kwa plasta. Wengi hawalijui hilo. Mimi nalijua. Nikaziba, nikabonyeza kitufe chekundu, nikapiga nusu saa nzima. Kisha nikasikiliza. Nilitokwa na machozi kwa jinsi nilivyo mzuri.

Jumapili, 3 Machi

Mvua.

Jumatano, 6 Machi

"Mume mwenzangu," Babu aliniita asubuhi, "hilo shati ni langu."

"Limenikaa kuliko linavyokukaa wewe."

"Mke wetu angekuwepo, angecheka mpaka akae chini."

Mke wetu ni Bibi, aliyefariki miaka sita iliyopita. Tangu nikiwa mdogo tunamgombania. Babu anadai alimuoa kwanza, mimi nadai alinipenda zaidi, na kesi haijaisha. Bibi alikuwa na kicheko chake: kilianza kimya, mabega yanatikisika tu, unadhani analia, halafu kinalipuka mpaka kuku wa jirani wanakimbia.

Nieleze habari za Babu vizuri, maana hiki kitabu kinaweza kuja kuwa maarufu. Babu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya hoteli, ile ya suti nyeupe na viatu vya rangi mbili. Walipiga jazi. Sasa meno manne ya mbele hayapo, na kifua kinapiga mluzi kama birika. "Meno ndiyo ukuta," anasema, "midomo ni rangi tu." Ukuta umebomoka, hivyo miaka mitano sasa hajapuliza hata noti moja. Mimi alinifundisha mwenyewe. Nilimpita nikiwa na miaka kumi na mitatu. Yeye ndiye hajapata taarifa.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nina mengi.

Kaja mgeni, dada mmoja wa redio, mwenye kipindi cha muziki wa zamani. Kapita kwenye matope mpaka magotini, viatu kavishika mkononi, na bado anatabasamu. Mama akaacha cherehani (Mama ni mtoto wa Babu, anashona sare za shule hapo hapo sebuleni) akamletea maji ya kunawa miguu.

"Shikamoo, mzee. Nimekutafuta miezi minane. Wewe ndiye uliyetunga 'Funga Mlango Taratibu'?"

Babu akafunga kifungo cha shati. Halafu akasema, "Nani kanisema?"

Huo ni muziki Babu alioutunga wakati Mama akiwa mchanga. Babu alirudi nyumbani kutoka hotelini, akaingia kwa kelele, na Bibi akanong'ona, "Funga mlango taratibu, mtoto amelala." Basi. Hakuna maneno, ni tarumbeta tupu. Nimekua nao kama wengine walivyokua na mafua. Sikujua kwamba kuna watu nje ya nyumba yetu wanaoujua.

Dada wa Redio alikuwa nazo rekodi zote tatu kwenye simu. Ya kwanza ni ya Babu mwenyewe na bendi yake, kwenye santuri, upande wa pili, ule ambao watu hawakuugeuza. Ya pili ilitoka miaka kumi na moja baadaye, mpiga saksafoni kaukimbiza ili watu wacheze.

"Huyu anakimbilia wapi?" Babu akauliza. "Kaacha maji motoni?"

Ya tatu ni ya binti mmoja wa juzijuzi, na kinanda cha umeme, na kautia maneno kuhusu mwanamume mwongo.

"Kumbe muziki wangu una maneno!" Babu akasema. "Na mimi nilikuwa sijui. Huyo mwanamume ni mimi?"

Mama akacheka mpaka akajichoma sindano.

Lakini hapo ndipo ilipoanza. Dada wa Redio akasema zote tatu zinakoma mahali pamoja, kama mtu aliyekatwa kauli. Wa saksafoni kapigisha ngoma moja kubwa akaacha. Binti kazima sauti polepole. "Ni mwisho wa ajabu sana, mzee. Ulimaanisha nini?"

"Sikumaanisha chochote," Babu akasema. "Huo si mwisho."

Akaeleza. Siku ya kurekodi, fundi mitambo aliwaambia santuri ina dakika tatu tu. Walipofika dakika ya tatu akainua mkono, akazima. Kipande kizima cha mwisho kikabaki nje. Hao wengine walijifunza kutoka kwenye santuri, kwa hiyo kila mmoja kanakili mkono wa fundi mitambo. "Miaka yote hii," Babu akasema, "wanaufungua mlango, na hakuna anayeufunga."

Dada wa Redio akasogeza kiti. Anataka kuurekodi upya, mzima, na bendi kamili, Babu akiwepo. "Niimbie huo mwisho, mzee. Nauchukua sasa hivi kwenye simu."

"Kwa kifua hiki? Nitauchafua. Halafu na wewe utanakili kikohozi." Wakacheka. "Usijali. Nilijirekodi mwenyewe jikoni, miaka ile, mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Nilivunja meno ya kaseti ili mtu asije akaharibu. Ya kijani. Mjukuu wangu ni fundi wa mambo hayo, atakutolea safi."

Wote wakanigeukia mimi.

Nikasema, "Hilo ni dogo."

Jumanne, 12 Machi

Kaseti za kijani ziko nyingi duniani.

Alhamisi, 14 Machi

Nimetoa katoni yote uani, chini ya bati, mbele ya Babu. Kaseti ishirini na sita. Nyeusi, nyeupe, moja ya njano. Babu kakaa kwenye kigoda ananielekeza kwa fimbo.

"Ilikuwa juu kabisa. Niliisikiliza siku ya kumbukumbu ya mke wetu, nikairudisha juu."

"Labda Mama kafagia."

"Mama yako hafagii vitu vyangu, anaviogopa."

Nikasema nitaangalia dukani, inawezekana niliipeleka kuisafisha. Akafurahi. "Ndiyo maana nakupenda. Mwizi lakini mwangalifu."

Jumamosi, 16 Machi

Nimeisikiliza ya kijani pande zote mbili. Upande wa kwanza ni mimi, nusu saa nzima, mpaka kanda inakwisha. Upande wa pili mtupu, sauti ya kanda tu. Nimesikiliza ule utupu mara mbili, labda kuna kitu nyuma yake.

Kwa kweli si mzuri kama nilivyodhani. Noti za juu zinalia kama mbuzi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua siku ya nne mfululizo. Asubuhi Babu alikuwa anaoga, na akawa anaimba kwa pua, "Funga Mlango Taratibu", kwa raha zake. Nilisimama nje ya mlango wa bafu na kalamu. Alifika pale pa kukatika, akapita! Aliendelea. Naapa aliendelea. Lakini bati lilikuwa linapigwa na mvua, nilisikia vipande vinne vitano tu, kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto.

Alipotoka nikamwambia, "Rudia."

"Rudia nini?"

"Ulichokuwa unaimba."

"Acha kuvizia wazee bafuni. Kanda si unayo?"

Nikasema ninayo.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemwambia Babu na Mama kwamba ile ya kijani iko dukani kweli, ila unyevu wa mvua umeiingia, kanda ina ukungu mweupe. Nikasema ukiipiga hivyo itakatika, inabidi ikaushwe polepole, wiki kadhaa. Nilitaja kichwa cha kusomea, spiriti na pamba. Nilieleza vizuri mpaka mwenyewe nikaanza kuiona ikiwa na ukungu.

Mama akasema, "Mvua hii itatumalizia kila kitu."

Babu akasema, "Iache ikauke vizuri. Imengoja miaka arobaini, itangoja wiki."

Jumatatu, 25 Machi

Dada wa Redio kapiga simu. Alimwambia Babu kwamba tunavyongoja kanda ikauke, basi aimbe japo kidogo, kwa akiba tu. Nilikuwa karibu, nikasikia jibu.

"Binti yangu, mtu akiwa na nguo mpya kabatini, kwa nini apigwe picha na shuka? Kijana anaikausha. Namwamini."

Nilitoka nikaenda kusimama mvuani. Mama akanifokea kwamba sina akili. Kwa mara ya kwanza sikumjibu.

Alhamisi, 28 Machi

Fundi alifungua droo yangu kutafuta bisibisi, akaiona ya kijani. Akaigeuza. Akakwangua plasta kwa ukucha.

"Meno yamevunjwa. Nani kaziba?"

"Ilikuja hivyo."

Fundi ni mtu mfupi, miwani yake ina mguu mmoja, mwingine ni waya wa shaba. Aliivua, akaipangusa, akaivaa tena. "Mtu akivunja meno ya kaseti," akasema, "amekataza. Hajali atakuwa hai au amekufa, amekataza." Akairudisha kwenye droo, akaifunga. Hakuuliza tena. Ningependa angeuliza.

Jumanne, 2 Aprili

Feni tatu, redio moja, mvua.

Jumapili, 7 Aprili

Leo nilikuwa nimwambie. Nilikuwa nimeshakaa kitandani kwake. Nikasema, "Babu, kuhusu ile kanda." Akasema, "Imekauka?" Alikuwa amenyoa. Amenyoa kwa ajili ya kanda, siku ya Jumapili.

Nikasema, "Bado kidogo."

Jumanne, 16 Aprili

Jana Babu alianguka.

Nilikuwa dukani nachomelea waya wa spika, Mama akatuma mtoto wa jirani. Nilikimbia bila kuzima kile chuma cha moto, Fundi ndiye aliyekizima. Nilimkuta Babu sakafuni kati ya kitanda na ukuta, jicho moja linaniangalia, jingine linaangalia kando. Mama kamwekea kichwa pajani, anamwita, "Baba, Baba, Baba," kama mtu anayegonga mlango ambao anajua kuna mtu ndani.

Tulimbeba kwa mlango. Kweli, mlango. Njia yetu imegeuka matope, gari haliingii, machela hakuna. Fundi akaja na bisibisi yake, akaung'oa mlango wa chumba cha Babu kwenye bawaba, tukamlaza juu, watu wanne, mvua inamnyeshea usoni. Mimi nilishika upande wa kichwa. Alikuwa anajaribu kusema kitu. Niliinama. Nilidhani ananiuliza habari ya kanda. Kumbe alikuwa ananiambia, "Usi...teleze."

Daktari anasema ni kiharusi. Upande wa kulia umelala. Ataongea kidogo kidogo, labda. Na kumbukumbu, labda. Neno lake ni "labda". Ningemwuliza jina lake angesema labda.

Mama kanikumbatia koridoni, akasema, "Ashukuriwe Mungu ile kanda ipo. Angalau hiyo ipo."

Jumatano, 17 Aprili

Siandiki.

Jumamosi, 27 Aprili

Babu karudi nyumbani. Mlango tumeshaurudisha, lakini unakwaruza chini.

Anaongea maneno mawili matatu kwa wakati mmoja, kwa nusu mdomo. Ananijua. Kaniita "mwenza". Mama alikuwa anamlisha uji, Babu akaanza kuimba kwa pua, taratibu, na uso wake ukafunguka. Nilipiga magoti kando ya kitanda, sauti yake naichukua kwenye simu, leo hakuna mvua, hakuna kelele, sindano ingeanguka ningeisikia.

Akaimba mpaka pale pa kukatika. Akanyamaza. Akarudi mwanzo.

Tena. Akafika pale pale, akarudi mwanzo.

Mara saba. Mara ya saba alikunja uso, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Akaniangalia mimi, akasema, "Kanda."

Jumapili, 28 Aprili

Mara kumi na mbili leo. Kila mara pale pale. Mkono wa yule fundi mitambo umefika mpaka ndani ya kichwa cha Babu.

Alhamisi, 2 Mei

Nimefanya jambo.

Mama alikuwa kampeleka Babu kliniki, nyumba tupu. Nilichukua tarumbeta nikaingia jikoni, nikafungua bomba kidogo, nikagonga sufuria mara moja moja ili isikike kama kuna mtu anaosha vyombo. Nikapiga "Funga Mlango Taratibu" yote, na pale pa kukatika sikukatika. Niliendelea. Niliunganisha vile vipande vya bafuni nilivyovisikia na vingine nilivyovitoa kichwani mwangu. Nilishuka, nikashuka, nikatua. Nilirudia mara tisa mpaka midomo ikatoka damu. Halafu dukani nikainakili kanda kwenda kanda mara nne, ya mwisho kwenye ile ya kijani, ili sauti ichakae, ionekane imetoka kwenye ukungu.

Ni nzuri. Sijisifu. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupiga, na siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba ni mimi.

Jumamosi, 11 Mei

Dada wa Redio kaja. Nimemwekea kwenye deki sebuleni, Mama kasimama, mkono mdomoni. Babu kaegemezwa kwa mito miwili.

Ilipopita pale pa kukatika, Dada wa Redio alianza kulia. Machozi matupu, bila sauti. Mama akasema, "Nasikia vyombo. Ni Mama yangu huyo, anaosha vyombo." Akaishika deki kwa mikono miwili kama uso wa mtu.

Babu alisikiliza jicho limefumbwa. Ilipokwisha, akalifumbua, akanitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Umeiokoa, mdogo wangu," Dada wa Redio akaniambia. "Unajua ulichofanya?"

Nikasema najua.

Jumatatu, 20 Mei

Studio. Kuta zimevalishwa sponji kama trei za mayai. Bendi ya watu saba, na mpiga tarumbeta wao ni bwana mmoja mwenye shingo nene kama mti wa nguzo. Huyo kweli anajua. Kausikiliza ule mwisho mara mbili tu kwenye kanda yangu, akauinua, akaupiga kama alizaliwa nao. Akamwambia Babu, akiwa ameinama mbele ya kiti chake cha magurudumu, "Mzee, hapa unaposhuka, ulifikiria nini? Sijawahi kukutana na mtu anayeshuka hivi."

Babu akasogeza mkono wake mzima, ule wa kushoto, akaniwekea mimi gotini. Wote wakadhani ananishukuru.

Walirekodi mara tatu. Mara ya tatu hakuna aliyekohoa. Dakika tano na nusu. Mlango umefungwa, akasema Dada wa Redio, na watu wakapiga makofi.

Nilitoka nikakaa nyuma ya jenereta mpaka makofi yakaisha.

Jumapili, 26 Mei

Kipindi kimerushwa saa nane mchana. Majirani walijaa mpaka dirishani. Redio niliitengeneza mimi, ile kubwa ya Fundi, kaileta mwenyewe kaibeba begani. Mtangazaji, yaani Dada wetu, kasema jina la Babu mara tatu, kasema kwa miaka yote hii tulikuwa tukiusikia muziki huu bila mwisho wake, na leo, kwa mara ya kwanza, mtausikia kama alivyoutunga. Kisha akanitaja mimi, mjukuu, aliyeiokoa kanda kwenye mvua. Watu wakanipiga mgongoni. Miezi mitatu iliyopita ningeomba warudie.

Walipoondoka, Mama akaenda kukunja viti. Nikabaki na Babu. Nikamfuta mate kidevuni, nikamfanyia utani, "Haya, mume mwenzangu, sasa umekuwa maarufu, utaniachia mke?"

Hakutabasamu. Akavuta pumzi kama anainua ndoo.

"Haku...cheka."

"Nani, Babu?"

"Mwisho. Haku...cheka."

Mama akauliza kutoka uani, "Anasema nini?"

Nikasema, "Anataka maji."

Akanywa maji. Akafumba macho. Aliushika mkono wangu, hakuuachia.

Jumamosi, 1 Juni

Babu kafariki alfajiri. Mama ndiye aliyekuwa naye.

Jumapili, 2 Juni

Tumezika. Fundi alikuja na suti. Sikujua ana suti. Yule bwana wa shingo nene alipiga "Funga Mlango Taratibu" pale kaburini, mzima, na mwisho wangu. Watu walisema ni kama Babu mwenyewe anaaga. Mimi nilikuwa natazama matope ya viatu vyangu.

Jumanne, 4 Juni

Mvua imekatika. Siku mbili sasa jua tupu.

Jumapili, 9 Juni

Mama kaanika magodoro. Katoni ya Babu kaiweka juani, kaseti ishirini na sita zimepangwa kwenye mkeka, "zisije zikaingia ukungu kama ile". Nilimsaidia kuzipanga. Halafu nikaingia ndani, na sasa naandika, na leo sijisifu.

Hakukuwa na ukungu. Mvua haikuigusa ile kanda. Ni mimi, tarehe moja Machi, Fundi akiwa amekwenda kula.

Na hilo si lote. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwamba niliziba matundu nikabonyeza kitufe chekundu. Niliruka kitu. Kabla ya kubonyeza, niliisikiliza. Babu alikuwa ameiacha palepale alipoishia siku ya kumbukumbu, mwishoni, nikairudisha nyuma kidogo tu. Nilisikia labda sekunde kumi. Tarumbeta inashuka, inashuka, taratibu sana, mpaka nikadhani mpigaji anasinzia. Kisha kimya. Kisha mwanamke, karibu na mashine, anaanza kucheka, kimya kwanza, unadhani analia, halafu kinalipuka. Nilikijua kile kicheko. Hakuna mtu aliyekulia nyumba hii ambaye asingekijua. Nikajiambia, wazee na vituko vyao, nikairudisha kanda mwanzo.

Lakini hata hilo naweza kulibeba. Kijana kafuta kanda, vijana hufuta. Kitu chenyewe ni hiki.

Machi nzima Babu alikuwa nao ule mwisho. Alikuwa nao mdomoni, alikuwa anaoga nao. Dada wa Redio alimwomba mara mbili, simu iko mkononi, na mara mbili alikataa, kwa sababu mimi nilisema kanda ipo. Angejua haipo, angeimba siku ileile, na kikohozi chake chote, na angenitukana, na angenisamehe kabla uji haujapoa. Nilikuwa na siku thelathini na tano, tangu yule dada alipokuja mpaka Babu alipoanguka. Nimezihesabu humu, kurasa zenye picha za betri. Siku moja alinyoa kabisa.

Alikuwa ananingoja mimi, na mimi nikamwambia bado kidogo.